Nani Atambeba Mwalimu

"Kuanzia leo, hapa hakuna mzazi atakayezika mtoto! Watoto ndio watakaotuzika sisi! Tena watagombania jeneza mpaka tuwapange foleni!"

Maneno hayo aliyasema Mama Sindano kwa kinywa chake mwenyewe, kwenye kipaza sauti cha kukodi, siku zahanati ilipofunguliwa. Alisema mbele ya mgeni rasmi na mbele ya umati uliokuja kwa sababu uliahidiwa soda. Wakati huo alikuwa nesi kijana, kofia nyeupe imesimama kichwani kama imepigiliwa msumari. Watu walipiga makofi. Mzee mmoja wa kiti cha mbele akapaza sauti:

"Sasa mwanangu, kutuzika sisi kuna haraka gani?"

Wakacheka mpaka mgeni rasmi akapoteza ukurasa wa hotuba yake. Ila Mama Sindano hakucheka. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, na kichwa chenyewe siku hiyo kilikuwa na kofia mpya.

Alikuwa na sababu ya kusema vile. Makaburi ya mji ule yako kilimani, kwenye njia nyembamba isiyopita gari. Juu wamelala wakubwa. Chini, pale mteremko unapoanzia, wamelala wadogo, kwa kuwa maiti ya mtoto haihitaji wabebaji: baba hubeba mikononi, watu humfuata kimya. Wawili wa kwanza wa Mama Sindano wako pale, bega kwa bega. Surua iliwachukua katika wiki moja, huyu kisha yule, kama mtu anayeanua nguo kambani. Baada ya arobaini alifunga sanduku, akaenda kusomea uuguzi, akarudi na sindano kama mtu aliyekwenda mjini kununua silaha.

Na kweli ilikuwa vita. Siku za kliniki alitundika mizani kwenye boriti ya kibaraza, akaning'iniza kile kisuruali cha kupimia watoto, akaanza kutukana.

"Wewe! Mtoto ana miezi mitano, uzito wa kuku! Unamlisha nini, hadithi?"

Kina mama walimwogopa kuliko malaria. Asiyekuja alifuatwa nyumbani, kisanduku cha barafu begani. Baba mmoja aliyeamini kwamba chanjo inapunguza akili alijifungia chooni na mwanawe. Mama Sindano akavuta gogo, akakaa nje ya mlango.

"Choo hakina mlango wa nyuma, shemeji," alimwambia. "Mimi nina subira, wewe una harufu. Tutaona nani atashindwa."

Mtoto alitoka, akachomwa, akalia, akakua. Ndiye aliyekuja kuwa rubani, kwa hiyo kuhusu akili jibu lilipatikana.

Alikuwa na mtindo wake. Chanjo ya kifua kikuu, ile inayoacha kovu, aliichoma bega la kushoto, lakini kidole kimoja chini ya pale alipofundishwa. Mkaguzi alipomuuliza, alisema hataki wasichana wake wakikua wakwaruzwe kovu na kamba ya mkoba. Mkaguzi akamwandikia onyo. Akalitumia kufungia karanga. Tangu hapo kila mtoto wa mji ule alikuwa na kovu la mviringo lililoshuka kidogo, na Mama Sindano akimaliza kuchoma alikuwa akiligusa kwa kidole gumba na kusema, "Huyu wangu."

Mumewe alikuwa Mwalimu. Alifundisha shule ya msingi iliyokuwa hatua chache kutoka zahanati, mtu mpole, shati limechomekewa hata siku ya kufua. Kabla ya kuita mahudhurio aligonga meza kwa kifundo cha kidole: ko, ko, ko. Halafu huita majina, na darasa humsemea kila mmoja "Yupo!" au "Hayupo!" Alikuwa amezoea darasa linalopungua kila mwaka pasipo familia yoyote kuhama. Baada ya zahanati kufunguliwa, ulifika mwaka ambao halikupungua. Mwalimu alirudi nyumbani, akakaa kitandani na viatu vyake.

"Nesi," alisema, kwa maana hakuwahi kumwita jina jingine, "madawati hayatoshi."

"Si uombe mengine?"

"Nitaomba. Nilitaka tu kukwambia hayatoshi."

Ikajengwa shule ya pili. Ikaja sekondari. Ikaja barabara ya lami, umeme ukaifuata barabara, na mnara wa simu ukaufuata umeme kama mkia. Wataalamu walikuja na vishikwambi, wakauliza watu wana vyoo vya aina gani, wakaandika kwamba mji umeendelea. Hawakudanganya. Mji uliendelea vizuri sana, hadi ukajifunza kuondoka.

Maana zamani hakuna aliyehama. Si kwa uzalendo. Mtu mwenye minyoo na njaa hafiki mbali, na asiyejua kusoma hajui basi linakwenda wapi. Wataalamu walifikiri mtu akishiba atatulia. Mtu akishiba huinua kichwa. Akiinua kichwa, ukutani kuna ramani ya dunia ya Mwalimu, yenye rangi, na mji wake haumo. Walianza mmoja mmoja, kisha kwa vikundi, kisha ikawa kijana akimaliza shule huulizwa "Unaondoka lini?" kama anavyoulizwa mtu aliyeshika mwavuli.

"Wewe ndiye uliyewaonyesha njia," Mama Sindano alimtania mumewe.

"Na miguu waliipata kwa nani?" Mwalimu akajibu.

Baada ya wale wawili wa kilimani, walijaliwa watatu. Mkubwa aliitwa Injinia tangu alipofungua redio ya baba yake na kuifunga tena ikabaki na skrubu mbili za ziada. Alikwenda nje na huko wakamfanya injinia kweli. Wa kati, binti, alirithi kofia ya mama yake. Yuko nchi ya baridi, anaogesha wazee wa watu, na wa kwake anawaona kwenye simu. Wa mwisho ndiye kitinda mimba, na mama yake alimwita Akiba.

"Hao wengine nimeipa dunia," alikuwa akijigamba kisimani na sokoni. "Huyu wa akiba. Huyu ndiye wa kunibeba."

Akiba alikaa kweli. Alifungua kibanda cha kutengeneza simu kando ya barabara, akapiga rangi ya kijani. Lakini rika lake lilipukutika lote, na wateja wakabaki wazee waliotaka kuonyeshwa jinsi ya kumwona mwana aliyeko ng'ambo bila kumkata kichwa kwenye kioo. Siku nzima alisikiliza kicheko cha marafiki zake kikitoka kwenye simu za mama zao. Siku moja, katikati ya chakula cha mchana, aliweka kijiko chini.

"Mama, nimepata nafasi."

Hakuna aliyeuliza nafasi ya nini.

Safari ilidai chanjo ya homa ya manjano, na wiki ile zahanati ilikuwa na nesi mmoja tu, naye alikuwa anahesabu siku za kustaafu. Akiba aliingia, akakaa kwenye kile kiti cha bati, akapandisha mkono wa shati. Kovu likatazamana na aliyeliweka.

"Na hii itaacha alama, mama?"

"Hii haiachi."

Sindano ya kwanza alimchoma abaki duniani. Hii alimchoma aende zake. Mkono ulikuwa ule ule. Kazi ni kazi. Ila alipomaliza alinyoosha kidole gumba, halafu akakirudisha bila kugusa.

*

Nyumba ikabaki na watu wawili na mizimu. Mizimu yenyewe ilikuwa hai, ilikuwa na namba za simu, na Jumapili ilipiga kusalimia. Mtaa mzima ulikuwa vile. Watoto walituma cha kujengea, yakasimama majumba ya ghorofa yenye mageti mazito, na ndani mwake hakuna aliyewahi kukaanga hata yai. Mabibi wawili watatu walilipwa kuingia jioni kuwasha taa na kufungua mabomba, nyumba zisikauke. Ukipita saa ya magharibi ungeona madirisha yote yanang'aa, maji yanaita ndani, na hakuna mtu. Wageni tu ndio walioongezeka, watu wa mbali waliofuata barabara ile ile kwa upande wa pili, wakavunja kokoto machimboni na kulala kwenye vibanda vya bati nyuma ya majumba matupu.

Mama Sindano alianza kusikia mambo. Akiwa anapepeta mchele, alisikia mizani ya kliniki ikikwaruza kwenye boriti, kwiii, kama ina mtoto ndani. Mizani yenyewe ilikuwa imekwisha tolewa. Wameleta ya umeme. Alisikia kichanga kikilia upande wa sebuleni, akaenda, akakuta mito ya viti imepangwa vizuri, haijakaliwa tangu sikukuu. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Wifi yake, dada yake Mwalimu, alikuwa na ulimi unaokata nyama bila ubao.

Kisha Mwalimu akaugua, akili ikawa inakwenda na kurudi. Mchana jua likiingia dirishani, alijiinua kwenye mto, akagonga kimeza cha kitandani: ko, ko, ko.

"Bonge!"

Mama Sindano akaja na ungo mkononi.

"Bonge!"

"Hayupo," Mama Sindano akajibu. Bonge yuko bandarini, kwenye nchi ambayo hata Mwalimu aliwahi kuikosea rangi kwenye ramani.

"Kifimbo!"

"Hayupo."

"Domo!"

"Hayupo, Mwalimu."

Mzee akaanza kulia, machozi yanaingia masikioni. Darasa limekwisha tena, alisema. Surua imerudi, Nesi, nenda kaangalie. Siku ya pili yake alipogonga meza, Mama Sindano alivuta kiti akakaa karibu.

"Bonge!"

"Yupo."

"Kifimbo!"

"Yupo!"

Akawa anaitikia darasa zima, sauti nene kwa wavulana, nyembamba kwa wasichana, mwanamke mzima wa umri ule anabana pua ili awe mtoto wa seremala. Mwalimu akatulia. Na mchana mmoja, alipokwisha kuitika kwa ajili ya Akiba, kilisikika kiti kikiburutwa chumba cha nyuma, kama mtu anayekaa.

"Upepo," Mama Sindano alisema.

Upepo huo ulikuwa na miguu. Hakwenda kuangalia.

Siku akili iliporudi, Mwalimu alizungumza jambo moja tu. Wakati huo jirani yao Seremala alikuwa amezikwa si siku nyingi, na mazishi yale yalikuwa bado gumzo. Wazee wenzake walikataa katakata watu wa kukodi. Sita walijitwisha jeneza, na kwa wote sita magoti mazima hayakuzidi matatu. Katikati ya kilima mmoja alipiga chafya. Jeneza liliteleza, likashuka njia nzima peke yake, Seremala ndani, na likaja kusimama chini kwenye makaburi ya watoto. Watu walikimbia, wengine hawakurudi hata kula. Tangu siku ile kila msiba uliitiwa bwana mmoja mwenye gari jeusi na vijana wa kubeba, ambaye mji ulimbandika jina la Kwaheri.

"Nesi," Mwalimu alisema, "siku ile ya kipaza sauti ulisema nini?"

"Nilisema mengi. Nilikuwa nimekunywa soda."

"Mimi sitaki Kwaheri. Nataka bega moja tu liwe langu. Hayo mengine yawe ya nani sijui. Akiba yupo?"

Mama Sindano alimtazama. Macho yalikuwa mazima, hayakuwa ya homa. Angeweza kumwambia ukweli.

"Yupo."

"Basi atanibeba."

"Atakubeba, Mwalimu."

Alikufa wiki ile ile, alasiri, mahudhurio yakianza. Aligonga meza mara mbili. Ya tatu haikuja, na Mama Sindano alikaa ameinamisha sikio mpaka wifi yake alipoingia na uji akamtoa mkono begani pa marehemu.

*

Injinia alipiga simu akilia, akasema atalipia kila kitu: jeneza la kioo, mahema, mpiga picha wa kurusha moja kwa moja. Binti alipiga akilia, mkataba wake haumruhusu kutoka mpaka mwaka uishe. Hao Mama Sindano hakuwahesabu. Alimngoja mmoja.

Akiba alipiga asubuhi. Uso wake ulijaa kioo, umekonda, na juu ya kichwa chake ulionekana unyayo wa mtu mwingine, amelala kitanda cha juu.

"Mama, pole."

"Pole na wewe, baba."

"Karatasi zangu wamezichukua, wanazifanya upya. Nikitoka sasa hivi nje ya nchi, ndiyo basi. Hawanirudishi."

"Ndiyo basi," mama yake akarudia.

"Lakini nimeshaangalia ndege. Sema wewe tu. Ukisema njoo, kesho niko njiani."

Wifi alikuwa amekaa nyuma ya kioo, haonekani, anapunga mikono yote miwili kama mtu anayefukuza kunguru. "Mwambie aje!" alinong'ona, na mnong'ono wake ulifika hadi kwa majirani. "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe! Unamngoja nani mwingine, mgeni rasmi?"

"Nani huyo?" Akiba akauliza.

"Shangazi yako anapumua."

Mama Sindano alimtaka mtoto yule kama mtu anavyotaka maji. Aone bega lile chini ya jeneza, watu washuhudie, na Mwalimu huko aliko ajue hakudanganywa. Na baada ya mazishi asiondoke tena. Kibanda cha kijani kipo, ufunguo uko kwenye kikopo. Neno lilikuwa tayari limefika kwenye ulimi, lina silabi mbili tu.

"Ukija," alisema badala yake, "tukishuka kilimani utafanya nini?"

Akiba alifungua mdomo. Unyayo ule wa juu ukajikuna kwa mwenzake. Picha ikaganda kidogo, kisha ikaendelea.

"Nitatengeneza simu," alisema hatimaye.

Za kina nani? Mama Sindano alimwona ameketi kibandani, mvi zinaingia, anawaonyesha mabibi namna ya kutazama nyuso za wenzake. Kijana mzima, mapafu safi, meno yote, uzito wake wote alioupima mama yake gramu kwa gramu, anangoja zamu yake kwenye mji uliobaki na zamu tu.

"Baki," alisema.

"Mama..."

"Nimesema baki. Kula. Umekonda kama kalamu. Baba yako nitamwambia upo."

Akakata yeye kwanza, kidole kikagonga kioo. Wifi alikaa amepigwa na butwaa, mikono bado iko hewani.

"Wewe mwanamke," alisema polepole, "hiyo sindano ulijichoma wapi wewe mwenyewe?"

Halafu akaenda kumwita Kwaheri.

*

Kwaheri alikuja na gari jeusi, kitambaa cha shingoni na vijana sita waliovaa suti zilizoshonewa watu wafupi zaidi. Gari lilikwama pale lami inapoishia, kama kawaida. Jua lilikuwa kali. Kwaheri alipiga kofi moja, vijana wakavua makoti, wakabaki na fulana zisizo na mikono, wakajitwisha.

Mama Sindano alikuwa nyuma yao, hatua mbili. Hakuwa na pengine pa kutazama. Yalikuwa mbele yake mabega matatu ya kushoto, na walipopinda kona akayaona na yale mengine. Aliyapitia moja moja kama alivyopitia watoto kibarazani. Yalikuwa mabega mazuri, yamejengwa na kokoto, yanang'aa kwa jasho. Na yalikuwa safi. Si kidole kimoja chini, si mahali palipofundishwa. Hakuna kovu popote. Vijana sita wazima, na hakuna nesi aliyewahi kuwashika.

Kando yake mpiga picha alitembea kinyumenyume na simu kwenye fimbo. Kwenye kioo walikaa wanawe na wanafunzi wa mumewe, kila mmoja kwenye dirisha lake dogo: Bonge na kofia ya bandarini, Kifimbo kwenye basi, Akiba peke yake amesimama ukutani.

"Inua kidogo," sauti ya Injinia ilisema. "Tunaona migongo tu."

"Hawatamwangusha?" Domo akauliza.

"Hawa ni wazima," Kwaheri akajibu, akiwa na haya ya biashara. "Hawa hawajawahi kuangusha."

Kabla ya mwinuko kukaza, vijana walishusha jeneza wapumzike. Ndipo pale pale chini, kwa wadogo. Nyasi zilikuwa zimefunika vilima vile vya zamani, na Mama Sindano alivijua viwili vyake kwa miguu, bila kutazama. Lakini karibu na vyake palikuwa na kingine. Udongo wake ulikuwa mwekundu bado. Juu yake palipangwa kokoto nzuri, za saizi moja, zimechaguliwa.

Tangu siku ya kipaza sauti alikuwa hajaona kaburi jipya pale. Alikuwa akipanda kilima kila mwaka ili asilione.

"Ni la nani hili?" aliuliza.

Mbebaji mmoja, mrefu kuliko wenzake, alikuwa akifuta jasho, na alikuwa anafuta mahali palipokwisha kauka.

"Nimeuliza, ni la nani?"

"Letu, bibi," yule mrefu alisema, lafudhi ya mbali. "Langu. Wa kwanza."

"Alikuwa na nini?"

"Homa. Macho mekundu. Halafu vipele."

"Na zahanati je? Iko pale, unaliona bati lake. Kwa nini hukumleta?"

Kijana alimtazama kwa adabu, kama mtu anayejibu swali la mtego.

"Tulijua ni ya wenyeji, bibi."

Wenyeji. Mama Sindano aligeuza kichwa. Wenyeji walikuwa pale, kwenye fimbo ya mpiga picha, wamepangwa madirisha madogo, mmoja wao ameganda mdomo wazi.

"Mama, mbona mmesimama?" Akiba aliuliza kutoka ukutani kwake.

Kwaheri akapiga kofi. Vijana wakainama. Yule mrefu akarudi mahali pake, mbele kushoto, na jeneza likapanda kwa utulivu, halikuyumba hata mara moja. Juu kabisa, lilipokuwa linateremshwa kaburini, mkono wa mbebaji mmoja uligonga mbao za pembeni kwa bahati mbaya. Ko. Wifi alimsikia Mama Sindano akijibu kwa sauti ndogo, iliyobanwa puani:

"Yupo."

*

Siku ya kliniki iliyofuata alikwenda zahanati. Nesi mpya, binti mwenye kope za kubandika, alikuwa anajaza maombi kwenye simu.

"Bibi, si ulistaafu?"

"Chukua kisanduku cha barafu, unifuate."

"Leo hakuna watu, bibi. Na mimi mwezi ujao sipo, nimepata kazi nje."

"Mwezi ujao si leo. Beba."

Machimboni vumbi lilikuwa limekaa juu ya kila kitu, hata juu ya kuku. Watoto walitoka kwenye vibanda vya bati, wengi kuliko alivyodhani, wakasimama mbali. Mke wa yule mrefu alikuwa mlangoni, amempakata kichanga aliyekuwa bado anatazama dunia kwa jicho moja moja.

"Bei gani?" aliuliza kabla ya salamu kwisha.

"Bure."

"Kwetu cha bure kina mwenyewe."

"Huku pia," Mama Sindano akasema. "Mshike vizuri."

Akafuta bega la kushoto. Bega lilikuwa dogo kuliko kidole gumba chake. Akavuta dawa, akainua sindano, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake mkono ukakataa. Aliliona bega lile likikua. Aliliona likibeba mkoba wa shule, likiegemea ramani, likipandishwa shati kwenye kiti cha bati, likigeuka kwenye mlango wa ndege. Alimwona huyu mama mlangoni, mvi zimemjaa, anatazama unyayo wa mtu kwenye kioo. Na kilimani, chini, akaziona kokoto zilizochaguliwa.

"Bibi, mbona umesimama?" mama wa mtoto akauliza.

Nesi mpya aliacha simu yake, akatazama.

Akachoma. Kidole kimoja chini. Kichanga kilivuta pumzi, kisha kikapiga kelele iliyopanda juu ya bati, ikaruka kuta, ikaingia kwenye yale majumba yenye taa na mabomba na kuzunguka vyumba vyote bila kukutana na mtu. Mama Sindano aliitambua. Ndiyo sauti aliyokuwa anaisikia sebuleni kwake.

Aligusa bega kwa kidole gumba, ila hakusema "Huyu wangu."

Yule mrefu alikuja kutoka kwenye kokoto, nyundo mkononi, akamtazama mtoto, akamtazama bibi, akainama kushukuru. Watoto wengine walikuwa wameanza kusogea kwenye foleni, wenyewe.

"Kijana," Mama Sindano alisema, akichomoa sindano ya pili kutoka kwenye karatasi yake, "na mimi siku yangu ikifika?"

"Kilimani, bibi?"

"Kilimani. Juu kabisa, kwa Mwalimu."

Kijana alikitazama kilima, akampima bibi kwa jicho, uzito na urefu, kama mtu anayeijua kazi yake.

"Elfu tano kwa kila mbebaji," alisema. "Tukiwa sita, elfu thelathini."